Fundi Anajibu: Kempa imepasuka, muuzaji anasema ni barabara

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mimi na mume wangu tuko Bwiru, tunakodisha magari kwa wageni wanaoingia Serengeti kwa geti la Ndabaka. Mwaka juzi tulinunua kempa mpya, ile nyumba ndogo ya kulala inayopandishwa nyuma ya pikapu, kutoka kwa watengenezaji wa Afrika Kusini. Tangazo lao lilisema imejengwa kwa safari za porini Afrika. Fundi wa hapa mjini akaifunga kwenye Land Cruiser yetu kwa bolti nne nene, mbili kila upande. Baada ya masika ya pili tukaona ufa kwenye kona ya juu ya mlango. Sasa chumba cha juu ya kabini, wanakolala wageni, kinacheza gari likipita tuta. Sakafu ya kona ya nyuma kulia inabonyea ukiikanyaga, na mguu wa jeki wa kushushia kempa, wa upande huohuo, umeng'oka pamoja na kipande cha ukuta. Waranti ni ya miaka miwili na tuliwaandikia kabla haijaisha. Wamejibu kwamba tumeitumia kibiashara, kwamba barabara zetu ni mbovu, na kwamba tukitaka waikague tuipeleke kiwandani kwao kwa gharama zetu. Fundi wetu anasema ataipiga faiba na pembe za chuma, siku chache tu imekwisha. Wageni wa Juni wanakaribia. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya lolote, mwambie fundi wenu asiiguse. Najua Juni haiko mbali na najua rejesho la mkopo halingoji, lakini siku atakayopitisha grainda kwenye hiyo kona ya mlango ndiyo siku mtakayopoteza madai yenu. Kila kinachoweza kuwatetea kimo ndani ya ule ufa na chini ya ile sakafu inayobonyea. Faiba ikishapita juu yake, watasema mmeiharibu wenyewe, na hakuna mhandisi atakayeweza kuthibitisha vinginevyo.

Na wageni wasilale tena humo. Chumba kinachoning'inia juu ya kabini kinabeba watu wazima wawili, godoro na mizigo yao, bila nguzo chini yake. Kikianza kucheza maana yake kiungo chake na ukuta wa mbele kimeachia. Tena bomba la gesi ya jiko limefungwa kwenye kuta hizohizo. Ukuta unaohama huvuta bomba, na bomba likilegea usiku watu wamefunga madirisha kwa sababu ya mbu, mnajua wenyewe. Fungeni mtungi, utoeni nje, na hao wageni wa Juni watafutieni hema au gari jingine hata kama faida itapungua.

Sasa niwaeleze kilichotokea, maana mkikielewa hamtababaishwa na barua ya mtu. Chesesi ya pikapu ni boriti mbili ndefu zilizounganishwa kwa vipande vya kukatiza, kama ngazi. Imetengenezwa hivyo makusudi ili ijisokote. Tairi la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likazama shimoni, chesesi inajipinda, ikitoka hapo inarudi, hakuna kilichovunjika. Kempa yenyewe ni kasha lililofungwa pande zote, halikubali kujisokota. Ukilibana kwa bolti nne moja kwa moja juu ya chesesi, kila shimo la barabara linataka kulipinda kasha, na kasha linakataa mpaka siku linashindwa. Huwa linashindwa pale lilipotobolewa: kona za mlango, kona za madirisha, na pale sakafu ya chumba cha juu inapokutana na ukuta wa mbele. Nyinyi ufa umeanzia kona ya juu ya mlango. Hiyo ni alama ya msokoto, na fundi yeyote wa bodi anayeijua kazi yake ataisoma hivyo.

Angalieni Fuso za bodi la mbao zinazobeba pamba kutoka Magu na Kwimba. Zinapita njia mbaya kuliko zenu, zimejaa hadi juu, na bodi linadumu miaka. Halina paa, mbao zake zinasogea pamoja na chesesi. Lakini lori la boksi lililofungwa halifungwi hivyo. Linakuwa na fremu yake ya chini, na fremu hiyo inakaa juu ya chesesi kwa yubolti, bolti zilizokunjwa kama herufi U, na sehemu zenye springi, au kwa nukta tatu zenye kiungo cha kuzunguka, ili chesesi ijipinde kivyake na boksi libaki tulivu. Malori ya Unimog yanayobebeshwa nyumba za safari hufungwa kwa namna hiyo. Kempa ndogo ya kushusha na kupandisha kwa kawaida hufungwa kwa minyororo au vyuma vya kukazia vyenye springi kwenye pembe nne. Nayo ni kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza, na ndilo litakaloamua mengi, ni hili: kitabu cha kufungia kempa kilisema nini? Mlipewa? Kama kilisema funga kwa bolti nne bila springi na fundi wenu akafuata, msokoto ni mzigo wa mtengenezaji. Kama kilidai springi na fundi akaona ni usumbufu, mtengenezaji ana hoja, na mtalazimika kuzungumza na fundi wenu vilevile. Kama hamkupewa kitabu chochote, waandikieni leo muulize kwa maandishi: kempa hii inatakiwa kufungwaje? Msiwaambie bado mliifungaje. Acheni wajibu kwanza.

Ila ufa wa mlango ni ugonjwa mmoja, na sakafu na jeki ni ugonjwa mwingine. Hapa ndipo naona mnaonewa. Mguu wa jeki huwa umeshikwa na bati la chuma lililopigiliwa skrubu kwenye mbao iliyofichwa ndani ya pembe ya ukuta. Kila skrubu ni tundu. Tundu lisipozibwa vizuri, maji ya mvua yanashuka nalo mpaka kwenye mbao, yanakaa humo kwa sababu ngozi ya nje ya faiba au alumini hairuhusu yatoke. Mbao ikishazidi unyevu wa asilimia 20 hivi iko hatarini, na ikilowa zaidi ya hapo kwa muda kuvu wanaanza kuila. Siku ya siku mnashusha kempa kwenye jeki, uzito wote unakaa kwenye skrubu zilizoshika unga, bati linang'oka na kipande cha ukuta.

Barabara mbovu haiozeshi mbao. Waandikieni sentensi hiyo. Mawimbi ya rafu rodi kutoka Ndabaka kuelekea Kirawira yanaweza kulegeza nati, yanaweza kupasua maunganisho ya kuchomelea, lakini hayaozeshi. Kinachoozesha ni maji, na maji yameingia mahali fulani. Wanaweza kujibu kwamba msokoto ndio uliofungua viungo maji yakapita. Ni hoja halali, na ndiyo maana nimesema fundi asiguse. Hilo linaonekana kwa macho. Mhandisi akifungua ubao wa ndani pembe hiyo, atafuata doa la maji kurudi juu. Likiishia kwenye tundu la skrubu ambalo dawa yake ya kuzibia haikushika tangu mwanzo, kosa ni la kiwandani. Likiishia kwenye kiungo kilichochanika upya, hali ni nyingine. Mbao iliyooza hadi ikawa nyeusi na inayomeguka ukiichoma na bisibisi haikulowa mwezi uliopita. Na skrubu zenyewe ziangalieni: yenye kutu shingoni tu imepata maji hivi karibuni, iliyoliwa mpaka ncha imekaa majini siku nyingi.

Kama kempa yenu ina mifupa ya alumini ndani ya ukuta, mtazame pia kona ya mlango kwa tochi. Alumini ikichomelewa, sehemu iliyo pembeni ya welding inapoteza nguvu nyingi, kwa aina zinazotumika sana inaweza kubaki karibu nusu. Isitoshe, alumini haina kiwango cha mzigo mdogo kinachoweza kurudiwa milele bila kuichosha, tofauti na chuma cha kawaida. Ndiyo maana mjenzi makini haweki welding kwenye kona kabisa ya mlango, anaweka bamba la kuimarisha au anakunja kona iwe ya mviringo. Ufa wa kuchoka unajieleza: una sehemu laini iliyofubaa na kuingia vumbi, hiyo ilipasuka zamani polepole, na sehemu ndogo yenye chembechembe zinazong'aa, hiyo ilimalizikia juzi. Mkikuta welding imekaa juu ya bomba la hiyo mifupa bila kuyeyuka ndani yake, pigeni picha karibu sana, rula ikiwa pembeni. Picha hiyo peke yake ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Tafuteni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, asiye rafiki yenu wala wa fundi wenu. Afungue, apime unyevu, apige picha, aandike ripoti na kuweka muhuri wake. Kabla hajafungua, watumieni watengenezaji barua ya tarehe na saa ya ukaguzi, muwaalike walete mtu wao au wahudhurie kwa simu ya video. Wakikataa, mnayo barua kwamba walialikwa. Mnaona tunakokwenda? Wao wanataka muisafirishe kempa kilomita maelfu ili waikague wakiwa peke yao. Nyinyi mnaleta ukaguzi hapa.

Kuhusu "matumizi ya kibiashara". Someni waranti neno kwa neno muone kama sharti hilo lilikuwamo mlipolipa au limetajwa kwenye barua tu. Kisha tafuteni ankara. Iliandikwa jina la kampuni yenu ya kukodisha? Mliwaambia kwa barua pepe au WhatsApp kwamba ni ya wageni? Mtu aliyejua unanunua kwa ajili ya kukodisha, akachukua fedha, hawezi kwa urahisi kugeuka na kusema kukodisha kumevunja waranti. Hali kadhalika barabara. Lile tangazo la "safari za porini Afrika" lichapisheni pamoja na tarehe, hata kama tayari wamelifuta kwenye ukurasa wao huenda mlilipiga picha au mlitumiwa. Aliyeuza kitu kwa ajili ya njia mbovu hana haki ya kujificha nyuma ya njia mbovu. Hili linaniuma sana, maana nimeona watu wa mkoa huu wakikubali jibu hilo na kurudi nyumbani na hasara, kana kwamba kuishi kwenye barabara za vumbi ni kosa lao.

Kisheria, someni kwanza ukurasa wa mwisho wa mkataba mjue mmekubaliana sheria ya nchi gani. Afrika Kusini wana sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008. Kwa mauzo yaliyofanyika kwao, inampa mnunuzi miezi 6 tangu akabidhiwe kurudisha kitu kibovu na kuchagua kati ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Miezi hiyo imewapita, ila waranti ya maandishi inasimama peke yake juu ya hiyo. Kwetu, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo ina vifungu vya kumlinda mlaji, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Kwa sheria yetu madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo msiharakishwe na mtu kusaini makubaliano ya kurudishiwa nusu ya gharama za matengenezo. Nendeni kwa wakili na ripoti mkononi. Mkienda bila ripoti mtamlipa kusikiliza hadithi.

Mjue pia kwamba hamko peke yenu. Marekani, ambako kempa hizi ni za siku nyingi, wenye nazo wanalia kilio hichohicho: waranti ya mwaka mmoja, kempa irudishwe kiwandani kwa gharama ya mnunuzi, jokofu na jeki vina waranti za kampuni nyingine, na sharti la kukagua dawa za kuzibia kila baada ya miezi michache na kutunza kumbukumbu. Sheria yao ya waranti ya 1975, Magnuson-Moss, hailazimishi mtu kutoa waranti, lakini aliyeitoa kwa maandishi lazima aieleze wazi na hawezi kukunyang'anya kwa sababu tu ulifunga spea ya kampuni nyingine. Zile sheria za majimbo za kurudisha gari bovu nyingi zimeandikwa kwa magari, na kempa haina injini, basi wenye kempa wengi wanaachwa nje. Jambo moja zuri walilonalo: mtengenezaji wa pikapu anatakiwa aeleze uzito wa mzigo unaoruhusiwa na mahali kitovu cha uzito wa kempa kinapopaswa kukaa. Nyinyi pimeni uzito wenu. Peleka gari mzani likiwa na tangi limejaa, wageni, vyakula, mtungi wa gesi. Maji lita 100 ni kilo 100. Mkikutwa chini ya uzito unaoruhusiwa ulioandikwa kwenye bamba la gari, chukueni risiti ya mzani muiambatanishe, maana hoja yao inayofuata itakuwa kwamba mlizidisha.

Mkishamaliza ukaguzi, na baada tu ya kumaliza, ndipo mkarabati. Kona ya mlango isiwekwe kiraka cha faiba juu ya ufa. Ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, bamba la kuimarisha lipite mbali na kona. Mbao iliyooza itolewe yote na sentimita kadhaa za iliyo nzima. Dawa ya kuzibia iwe ya poliyurethani au butili. Silikoni ya madirisha ya nyumba msiruhusu, hakuna kitakachoshika tena juu yake. Na kempa isirudi kwenye gari bila fremu yenye springi.

SWALI: Mwangaluka mama. Nina Canter ya boksi la baridi, nabeba sangara kutoka Sengerema kuja viwandani Mwanza. Ukuta wa kushoto umevimba kama shavu, barafu inaisha kabla sijafika ilhali tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe nafika mapema kuliko enzi za kivuko. Aliyenijengea anasema nimeliosha kwa mashine ya presha, waranti imekufa.

JIBU: Mwangaluka. Boksi la samaki linaoshwa, kila siku, kwa maji mengi. Aliyejenga alijua. Muulize kama alikuandikia popote kwamba lisioshwe kwa presha.

Kilichotokea ni kwamba ngozi ya faiba imeachana na povu la ndani, na povu limelowa. Povu lililolowa halizuii joto, ndiyo maana barafu inakwisha. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole ukianzia mahali pazima: sauti itabadilika na kuwa tupu ukifika palipoachana. Chora mpaka huo kwa kalamu ya rangi, piga picha, rudia baada ya wiki mbili uone kama umetanuka. Pima boksi likiwa tupu na kavu, linganisha na uzito wa siku ulipokabidhiwa kama upo kwenye hati. Kisha chunguza chini kabisa, pale ukuta unapokaa kwenye sakafu na tundu la kutolea maji. Mara nyingi maji ya barafu yanaingilia hapo, kwa sababu kiungo kilipakwa dawa juu juu bila kona ya mviringo. Presha ya kuoshea haifiki ndani ya kiungo kilichojengwa vizuri.

Akikuahidi kupiga sindano ya gundi kwenye uvimbe, kataa. Gundi haishiki povu lenye maji, na maji ya samaki yaliyobaki humo yataanza kunuka, kiwanda kitakurudisha getini. Ukuta huo unabadilishwa mzima. Mjenzi yuko hapahapa mjini, kwa hiyo wewe una nafuu kuliko wenzako wa Bwiru: barua yenye picha na tarehe, siku 14 za kujibu, nakala uwapelekee FCC.

SWALI: Fundi, niko Musoma. Kuna mgeni anaondoka nchini anauza kempa yake ya miaka mitatu kwa bei nzuri, anasema bado ina waranti ya miaka mitano ya muundo. Nichukue?

JIBU: Waranti nyingi za kempa ni za mnunuzi wa kwanza tu, na haziendi kwa wa pili mpaka mtengenezaji akubali kwa maandishi. Mwambie amwandikie mtengenezaji, wewe ukiwa kwenye nakala, aulize kama inahamishika na ada yake ni kiasi gani. Ikija bila jibu, ihesabu kwamba haina waranti na uipunguzie bei. Siku ya kuikagua nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku. Panda juu ukandamize paa kwa kiganja kuzunguka kila tundu la hewa, ingia ndani ufungue makabati yote ya chumba cha juu na unuse kona za nyuma kabisa, kisha lala chini ya gari uone pale inapokutana na chesesi. Ukikuta rangi mpya mahali pamoja tu, uliza kwa nini.